Maji ya Kwanza, Shamba la Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Eh, mnaitikia kama watu walionyimwa uji. Sogeeni motoni. Aliye karibu na kuni asukume kile kigogo, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi ya leo si ya kubembelezea mtoto. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado wanaitikia salamu, palikuwa na kijiji kilichoitwa Ndeme, kimeng'ang'ania ubavuni mwa mlima. Juu ya kijiji kulikuwa na chemchemi moja nyembamba. Chemchemi ile peke yake isingetosha kunywesha hata kitalu cha mchicha. Basi watu wa Ndeme wakachimba ndiva, yaani bwawa la udongo la kukusanyia maji. Usiku kucha chemchemi inajaza ndiva, alfajiri kizibo kinachomolewa, na maji yanashuka kwa mfereji, shamba kwa shamba, mpaka bondeni.

Watu wale walikuwa watu wa kanisa. Siku ndiva ilipokamilika walijipanga ukingoni, wake kwa waume, wakaiombea. Wakasema, "Maji haya ni ya Mungu. Sisi ni mawakili tu." Maneno mazuri hayo, lakini maneno mazuri nani hana? Kwa hiyo wakaweka na sharti juu yake. Sharti lilikuwa hili: maji ya kwanza ni ya shamba la mwisho.

Yaani kizibo kikichomolewa, mashamba yote ya juu yanafunga milango yao ya udongo. Maji yanapita yakiimba, hayagusi mtu, mpaka shamba la chini kabisa. Na shamba hilo la chini walikuwa wanapewa wasio na wa kuwasaidia: mjane, yatima, mgeni aliyefika na fimbo tu mkononi. Likishiba hilo, ndipo la juu yake lifungue, kisha la juu yake, kisha la juu yake, hadi kwa mlinzi wa ndiva, ambaye shamba lake lilikuwa palepale chini ya ukingo. Mlinzi hunywa mwisho.

Mnaiona akili ya wazee? Maji hayafiki mwisho kama mfereji ni mchafu. Kwa ajili ya shamba la mjane, kijiji kizima kilishuka msaragambo, kazi ya pamoja, kuzoa matope ndani ya ndiva na kung'oa majani mferejini. Wakimsaidia mjane wanajisaidia na wenyewe, wala hawakuwa na haja ya kuhubiriwa sana.

Mlinzi wa ndiva aliitwa Senzighe. Alizaliwa mwaka wa nzige, ndiyo maana akapewa jina hilo. Mama yake alimkuza kwa mizizi ya porini na maji ya moto. Mtoto wa namna hiyo akikua, hata akishiba bado anachungulia chungu aone kama kimebaki kitu. Lakini msimwonee, alikuwa mtu mwaminifu. Miaka mingi aliamka kabla ya jogoo, akachukua ule mti wake mrefu wa kuchomolea kizibo, mti ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuushika, akapeleka maji ya kwanza kwenye shamba la mwisho. Yeye alinywesha magimbi na migomba yake kwa masalio, na hakulalamika.

Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Nakiete. Binti huyo ndiye aliyekuwa kila kitu chake duniani. Akikohoa tu, Senzighe halali.

Na shamba la mwisho siku hizo lilikuwa la Nambua, mjane wa rafiki yake Senzighe. Rafiki huyo na Senzighe walichimba ukingo ule bega kwa bega, jasho lao limo mle ndani ya udongo. Kwa hiyo Nambua na Senzighe waliitana shemeji.

Yupo mmoja nimemsahau. Ndani ya ukingo, kwenye tundu, aliishi Kaa. Kaa yule alikuwa mzee, mguu mmoja umekatika, na mdomo wake haukuwa na adabu.

Sasa ukaja mwaka mbaya. Mvua za vuli zilikataa, na za masika zikachungulia tu zikaondoka. Chemchemi ikawa kama machozi ya mtu mzima, yanatoka kwa shida. Alfajiri moja Senzighe alisimama ukingoni akaona ndiva haikufika hata nusu. Akaisikia ile njaa ya utotoni ikiamka tumboni, na moyo wake ukasema: Leo nywesha shamba lako kwanza. Kidogo tu. Ukifa njaa wewe, ndiva italindwa na nani?

Akafungua mlango wa shamba lake. Magimbi yakanywa. Maji yaliyobaki akayaachia yashuke.

Kaa akatoka tunduni, akainua gando, akaimba:

"Senzighe, Senzighe, fungua!
Maji si yako, fungua!
Yanapita tu kwako, fungua!"

"Si nimefungua?" Senzighe akasema. "Huoni yanashuka?"

"Naona," Kaa akasema. "Na wewe unaona ulikoanzia."

"Nyamaza wewe, kiumbe unayetembea ubavu."

"Natembea ubavu, lakini nafika," Kaa akasema, akarudi tunduni.

Siku hiyo maji yalikata kabla ya kufika kwa Nambua. Siku ya pili yakakata juu zaidi. Haukupita muda yakawa yanaishia kwa majirani wawili watatu, nao walikaa kimya, kwa sababu mtu akiwa anakula hasemi.

Nambua akapanda mlima na mkongojo wake. Alipanda, akapumzika, akapanda, akapumzika, mpaka akafika.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Kaa kitako."

"Sijaja kukaa. Maharage yangu yamekunja majani. Nimesema nije niulize, pengine mfereji umeziba mahali nikauzibue mwenyewe."

Senzighe akatazama chini. "Mfereji haujaziba. Maji ndiyo machache. Subiri kidogo, shemeji, mambo yatakuwa mazuri."

"Mimi nitasubiri," Nambua akasema. "Maharage ndiyo hayajafundishwa kusubiri."

Akageuka akashuka. Hakutukana, hakulaani. Mimi ningemtukana, nawaambia kweli, lakini Nambua hakuwa mimi.

Ikafika Jumapili ya sadaka ya mavuno. Mwaka ule watu walikwenda kanisani na vitu vya kuficha kwenye kiganja: yai moja, mahindi mawili yenye meno machache kuliko ya bibi kizee. Senzighe akaingia na mkungu wa ndizi mnene, akaubeba begani kupita katikati, akauweka mbele ya madhabahu. Mwinjilisti akasema haleluya. Akina mama wakapiga vigelegele. Nambua alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Alileta ua la boga, kwa sababu boga lenyewe lilikataa kuja.

Senzighe alirudi nyumbani amenyoosha mgongo. Alipopita ukingoni, Kaa alikuwa ameketi juu ya jiwe akiota jua.

"Nasikia umemtolea Mungu," Kaa akasema.

"Nimemtolea mkungu mzima."

"Wa ndizi zilizokunywa maji ya nani?"

Kaa akaimba:

"Senzighe, Senzighe, fungua!
Maji si yako, fungua!
Yanapita tu kwako, fungua!"

Senzighe akaokota jiwe akamtupia. Likamkosa. Na kuanzia siku ile, badala ya kufungua, akafunga kabisa. Akakigongomelea kizibo kwa udongo wa mfinyanzi na majani ya mgomba, akauchukua ule mti wa kuchomolea akauweka uvunguni mwa kitanda chake. Magimbi yake akawa anayanywesha kwa mtungi, kidogo kidogo. Majirani walipokuja kuuliza aliwaambia, "Tunaweka akiba. Tutafungua siku ya shida."

"Na hii ya leo ni siku ya nini?" wakauliza.

"Hii bado."

Majirani wakarudi wakinung'unika. Walipoitwa msaragambo hakushuka mtu. "Maji ya Senzighe," walisema, "na matope azoe Senzighe." Basi matope yakajaa chini ya ndiva, yakapanda, yakakimeza kizibo. Mferejini nyasi zikaota, miiba ikaota, na mahali pengine udongo ukaporomoka ukaziba kabisa. Kila mmoja aliona. Kila mmoja alipita.

Isipokuwa Nakiete.

Nakiete alikuwa anachota mtungi mmoja kwenye ndiva asubuhi, anajitwika, anashuka nao njia yote ile ya mawe mpaka kwa Nambua. Nambua alikuwa ameshalala kitandani, amekonda, miguu imevimba. Nakiete alimkoroga uji mwembamba, akamwosha, na maji yaliyobaki akayamwagia miche michache ya maharage mlangoni. Pembeni mwa kitanda kilining'inia kibuyu cha mbegu. Nambua alikuwa na njaa, lakini hakukigusa.

"Kula hata hizi, mama," Nakiete alimwambia siku moja.

"Hizo si zangu, mwanangu. Hizo ni za mvua ikija."

Senzighe akagundua. Alimsubiri mlangoni, akamwona binti yake anapanda na mtungi mtupu, midomo imekauka.

"Unapeleka wapi maji yangu?"

"Kwa mama Nambua. Na baba, tangu lini yakawa yako?"

"Mwanangu, sikiliza. Hujui njaa wewe. Mimi naijua, ilinilea. Haya maji nayaweka kwa ajili yako. Sina mwingine. Wote wakifa, wewe utabaki."

Nakiete akatua mtungi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nibaki nifanye nini, baba? Nibaki na nani? Marehemu mama alikuwa akinisimulia kwamba alikubali kuolewa na wewe kwa sababu ulikuwa mtu anayekunywa mwisho."

Maneno hayo yalimwingia Senzighe kama mwiba. Aliingia ndani, akainama uvunguni, akaugusa ule mti. Aliushika kitambo. Kisha akauacha palepale, akajiambia, "Kesho." Lo! Hiyo kesho imewazika wengi.

Kesho yake mvua ikaja.

Ilikuja mchana, kutoka upande wa mashariki, nzito, yenye upepo. Watu walitoka nje wakafungua vinywa wakainywa. Watoto walivua nguo wakacheza matopeni. Asubuhi ile ile, kabla ya mawingu, Nakiete alikuwa ameshateremka kwa Nambua. Senzighe akakimbilia ndivani, na moyo wake ulikuwa unacheka, maana maji yalikuwa yanaingia kwa kishindo kutoka kila upande wa mlima.

Kaa akatoka tunduni mbio, na safari hii hakukaa kwenye jiwe.

"Senzighe, Senzighe, fungua!
Maji si yako, fungua!
Yanapita tu kwako, fungua!

Mimi naishi ndani ya ukingo huu, nausikia. Unanung'unika. Chini kumejaa matope, maji hayana pa kukaa. Fungua sasa!"

Na Senzighe, masikini, akayatazama yale maji mengi, akasema, "Nifungue leo, siku ya kwanza ninayoona ndiva inajaa? Acha ijae mpaka juu. Ikijaa, sitaogopa tena maishani mwangu."

Kaa akamtazama. Hakuimba tena. Akapanda mlima ubavu ubavu, akatoweka kwenye mawe.

Ndiva ikajaa. Ikajaa, ikajaa, ikajaa mpaka juu, kisha maji yakaanza kulamba mgongo wa ukingo. Hapo ndipo Senzighe aliposhtuka. Alikimbia nyumbani, akautoa mti uvunguni, akarudi akiteleza, akauchomeka majini akitafuta kizibo. Hakukipata. Matope yalikuwa yamekimeza. Alisukuma, akavuta, akapiga kelele, "Jamani, msaragambo! Msaragambo, jamani!" Sauti yake ililiwa na mvua. Waliosikia walidhani anawaita kuzoa matope, na walikuwa na hasira zao.

Ukingo ukapasuka. Ulipasukia palepale alipochimba yeye na rafiki yake.

Maji yale hayakugusa shamba la Senzighe sana, yaliruka juu yake. Hayakusimama kwa majirani. Mfereji ulikuwa umeziba, hivyo yalijichongea njia yao wenyewe, yakashuka moja kwa moja na mawe na miti na udongo mweusi, mpaka bondeni, kwenye shamba la chini kabisa. Baada ya miezi yote ile, maji ya kwanza yalifika shamba la mwisho.

Nakiete alisikia ngurumo, akajua. Alimbeba Nambua mgongoni kama mtoto, akapanda naye kwenye jabali lililokuwa nyuma ya nyumba, akamlaza juu. Nambua akamshika mkono, akasema, "Kaa hapa, mwanangu." Nakiete akasema, "Kibuyu, mama. Mvua si imekuja? Utapanda nini?" Akashuka. Nambua alimwona anaingia mlangoni. Hakumwona akitoka.

Nyamazeni kidogo. Nami ninyamaze.

Walimpata kulipopambazuka, maji yalipotulia. Alikuwa amelala kwenye tope chini ya mti, amekumbatia kibuyu kwa mikono miwili, na kifuniko hakikuwa kimefunguka. Mbegu zilikuwa kavu. Senzighe alichimba tope kwa kucha kumtoa, akakataa kusaidiwa. Hakulia kwa sauti. Alisema neno moja tu, "Nilikuwekea, nilikuwekea, nilikuwekea," mpaka watu wakaziba masikio.

Wakamzika pale pale kwenye shamba la mwisho, mahali ambapo Nambua alipaonyesha, maana njia ya juu ilikuwa imebomoka. Baada ya mazishi, wanaume wa Ndeme wakakusanyika, na nyuso zao zilikuwa mbaya. Mmoja akasema, "Senzighe aondoke. Achukue fimbo yake, aende." Wengine wakaitikia, "Aende." Na Senzighe aliinuka kweli, akatafuta fimbo, maana hakuwa na sababu ya kubaki.

Nambua alikuwa ameketi kwenye mkeka, hawezi kusimama. Akasema, "Akienda, nani ataamka alfajiri?"

"Tutachagua mwingine, mama."

"Nani? Wewe?" Akamnyooshea kidole mmoja. "Wewe maji yalikuwa yakiishia kwako, ukanyamaza. Wewe? Ulipita mferejini kwangu ukaona miiba, ukaruka. Na mimi, nilikuwa na ulimi, nikaona haya kumkemea shemeji. Tumefunga sote." Akamgeukia Senzighe. "Shemeji, mimi sina nguvu ya kukusamehe leo. Nitaitafuta kwa Mungu, pengine atanipa, sijui lini. Lakini hapa kuna mtu mmoja tu anayejua sasa kwamba maji yanapita. Chukua jembe."

Hata mwinjilisti, ambaye kawaida hakosi neno, alivua kofia tu.

Wakachukua majembe. Wakatengeneza ukingo upya, wakasomba udongo kwa makapu, wakang'oa miiba mferejini kutoka juu hadi chini. Senzighe alifanya kazi mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyemsemesha, wala hakumsemesha mtu. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nambua, alipopata nguvu, alizipanda zile mbegu zote kwenye shamba la mwisho, kulizunguka kaburi, hakubakiza hata moja.

Ndiva ilipojaa tena, Senzighe aliamka kabla ya jogoo. Nyumba ilikuwa kimya. Alichukua ule mti wake, akapanda, akakichomoa kizibo. Mashamba yote ya juu yalikuwa yamefungwa. Maji yakapita mbele yake, yakapita magimbi yake yaliyosinyaa, yakapita kwa majirani waliosimama milangoni, na yeye akayafuata kwa miguu, polepole, mpaka chini. Akasimama akayaona yanaingia kati ya maharage machanga, yanalowesha udongo mwekundu wa kaburi.

"Kunywa, mwanangu," akasema.

Nambua alikuwa pale, ameegemea mkongojo wake. Alikuwa amekuja na kata ya uji, akampa. Senzighe akaipokea kwa mikono miwili, akaishikilia tu mpaka uji ukapoa.

Alipopanda kurudi, alimkuta Kaa amerudi tunduni mwake.

"Mbona leo huimbi?" Senzighe akamuuliza.

"Niimbe nini?" Kaa akasema. "Umeshafungua."

Alifungua kila alfajiri mpaka uzee ukamlaza. Kila alfajiri aliteremka na maji mpaka shamba la mwisho, akasema maneno yake yale matatu... ah, mawili, nimekosea, maana hakuna cha kuongeza hapo. Na wanasema hakuwahi tena kulala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Hadithi yangu imeteremka mpaka shamba la mwisho, na hapo ndipo ilipoishia. Mwenye kuni nyumbani ambazo jirani yake hana, asiningoje nimwambie. Zimeni moto, twendeni.